Sintaksia linganishi

Sintaksia linganishi ni tawi la isimu linalolinganisha muundo wa sentensi katika lugha mbalimbali. Makala hii inahusu ulinganishi huo katika sarufi zalishi, nadharia iliyoanzishwa na Mmarekani Noam Chomsky katika miaka ya 1950.

Kanuni na vigezo

Mwaka 1981 Chomsky alieleza kwamba lugha zote zina kanuni za pamoja, na kwamba hutofautiana kwa vigezo vichache. Mtoto anayekulia Mwadui, mkoani Shinyanga, huweza kupata Kisukuma na Kiswahili kwa kusikia tu. Kwa mtazamo huu, kanuni anazo tangu kuzaliwa. Kazi yake ni kutambua vigezo.

Mifano

Mpangilio wa maneno: "Mchimbaji aliona almasi" ina kiima, kitenzi, kisha yambwa. Ndivyo ilivyo kwa kawaida katika Kisukuma na Kiingereza. Kimaasai hutanguliza kitenzi, na hutofautisha kiima na yambwa kwa toni. Kijapani huweka kitenzi mwishoni.

Kiima: "Anaumwa" ni sentensi kamili, kwa kuwa kiambishi a- kinaonyesha mtendaji. Kiitalia pia huruhusu kiima kuachwa, lakini Kiingereza hakiruhusu. Mwanafunzi anayeandika "Is sick" badala ya "He is sick" si mvivu wa kufikiri. Amehamisha kigezo cha lugha anayoijua.

Maswali: Katika "Uliona nini?" neno nini hubaki mahali pa yambwa. Katika "What did you see?" neno la kuuliza hupelekwa mwanzoni.

Kiambishi cha yambwa: Mwaka 1987 Joan Bresnan na Sam Mchombo walionyesha kwamba katika Kichewa kiambishi hiki ni kiwakilishi, hivyo hakikai na nomino yake ndani ya kirai kitenzi kimoja. Kiswahili husema "Nilimwona Juma", vyote viwili pamoja. Kumbe hata lugha za Kibantu hutofautiana.

Ukosoaji

Mwaka 2009 Nicholas Evans na Stephen Levinson walipinga kuwepo kwa kanuni za lugha zote, wakisema tofauti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mjadala huu hauwezi kuamuliwa kwa Kiingereza peke yake. Tanzania ina lugha zaidi ya 100, zikiwemo za Kibantu, Kiniloti na Kikushi, pamoja na Kisandawe na Kihadza. Kila moja inayopotea bila kuchunguzwa huondoka na ushahidi wake.