Laki tano ya msimu wa karafuu: ununue hisa au uongeze mzigo?

Tangu karafuu zianze kushuka na pesa kuanza kuzunguka mjini, swali linalonijia inbox ni moja, linabadilika maneno tu: "Nina laki tano imebaki, ninunue hisa za hizi kampuni za mtandao au nilete mzigo mwingine?" Mmoja kaniuliza hisa za Amazon, mwengine za TikTok, dada mmoja wa Wete anauza udi kwa status akaniuliza za Vodacom. Nimeona nijibu hapa kwa pamoja, maana kujibu mmoja mmoja vidole vinauma.

Tuanze na hiyo TikTok tumalizane nayo. Kampuni inayoimiliki inaitwa ByteDance, na hisa zake hazijawahi kuuzwa kwa watu wote kwenye soko la hisa. Kwa hiyo mtu akikwambia kwenye group la Telegram anakuuzia "hisa za TikTok" kwa elfu hamsini, na pesa utume kwenye namba yake ya simu, huyo anakuibia. Hakuna haja ya kumchunguza zaidi. Nchi hii tushayaona, DECI ilifungwa mwaka 2009 na watu wakalia, na kila miaka michache inakuja nyengine na jina jipya.

Sasa hisa za kweli. Sisi Pemba intaneti tumeijua kwenye simu, hatukuijua kwenye kompyuta. Kwa hiyo kampuni za intaneti za kuanza kuziangalia huku kwetu ni za simu. Kuna mbili lazima uzijue.

Safaricom ya Kenya iliuza hisa mwaka 2008. Serikali yao ilitoa hisa bilioni 10, shilingi 5 ya Kenya kila moja. Watu walipanga foleni kama za mafuta wakati meli haijafika. Maombi yalizidi sana hisa zilizokuwepo, kwa hiyo wengi walipata kipande tu cha walichoomba na nyengine wakarudishiwa pesa. Na wapo waliokwenda benki kukopa ili wanunue. Juni 2008 soko likafunguliwa, bei ikaanza juu ya 5, kila mtu anachekelea. Kufika mwanzoni mwa 2009 hisa iko chini ya shilingi 3. Hebu fikiria aliyekopa. Riba ya benki haisubiri hisa ipande, mwezi ukifika inadai. Akauza kwa hasara ili alipe deni.

Ambaye hakukopa akakaa tu. Mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Na katikati hapo kampuni ilikuwa inagawa gawio kila mwaka. Watu wawili, hisa moja, siku moja ya kununua, mmoja kalia na mmoja kacheka, na tofauti yao ni pesa waliyonunulia ilikuwa ya nani.

Lakini msikimbie na hiyo 40. Mwaka 2023 ilishuka tena mpaka chini ya 15. Aliyenunua 2021 kwa kuwa kaona wenzake wametajirika, huyo alilala vibaya. Na jambo jengine watu hawalisemi: mwaka 2008 M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja tu, ilianza Machi 2007. Wengi waliopanga foleni waliona wananunua kampuni ya vocha. Kilichokuja kuibeba sana ni pesa za simu, na sidhani kama wengi kwenye foleni ile walikuwa wanaipigia hesabu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "mie niliona mbali", namuitikia tu.

Ya pili ni ya kwetu. Sheria ilizitaka kampuni za simu Tanzania ziuze robo ya hisa zao kwa wananchi. Vodacom ikauza mwaka 2017, hisa milioni 560 kwa shilingi 850 moja, jumla shilingi bilioni 476. Mwanzo walikuwa wanunue Watanzania peke yao. Muda ukaongezwa, hisa hazikwisha, mwisho wakafunguliwa na wageni. Agosti 2017 ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Baadaye bei ikashuka chini ya ile 850 na ikakaa huko muda mrefu. Kampuni haikufa, mitandao inafanya kazi, wewe unaposoma hapa huenda bando ni lao. Ila aliyetarajia Safaricom ya pili ndani ya miaka mitatu alisubiri sana. Ukiona hisa inatangazwa na watu hawaisombi, jiulize kwa nini kabla hujajiona mjanja.

Sasa nije kwenye inayonigusa zaidi, Jumia. Hii ndio kazi yetu hasa, kuuza vitu mtandaoni. Aprili 2019 iliuza hisa kwenye soko la New York, dola 14.50 moja. Siku ya kwanza ikapanda zaidi ya asilimia 70. Magazeti yakaandika Afrika imepata Amazon yake. Novemba mwaka huo huo, miezi saba tu, ikafunga biashara yake Tanzania. Ukiangalia vitabu vyake, tangu ianzishwe 2012 ilikuwa haijawahi kupata faida, na ilisema hivyo yenyewe kwenye karatasi zake za kuuzia hisa. Haikuficha. Watu hawakusoma.

Na sisi tulikuwa tunaweza kuielewa kuliko tajiri wa New York. Nani kati yetu hajui kadhia ya "nitalipa ukinifikishia"? Unampa mzigo wa bodaboda mpaka Konde, mteja hapokei simu, mzigo unarudi, na nauli umelipa wewe kwenda na kurudi. Zidisha hiyo kwa nchi kumi na kitu. Mimi ningeulizwa ningesema faida itatoka wapi hapo?

Kumbe na mimi ningeonekana mjinga, maana Februari 2021 hisa hiyo hiyo ilipita dola 60! Kisha mwaka uliofuata ikawa chini ya dola 5. Bei ya hisa na hali ya duka ni vitu viwili, vinaweza kuachana njia muda mrefu tu. Hata Amazon, iliyoanza kuuza hisa mwaka 1997 kwa dola 18, kati ya 1999 na 2001 ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya bei yake. Pets.com, waliokuwa wakiuza chakula cha mbwa na paka mtandaoni, waliuza hisa Februari 2000 na Novemba mwaka ule ule wakafunga. Leo kila mtu anasimulia Amazon. Wa Pets.com hawasimulii.

Haya, turudi kwenye laki tano yako. Upande wa pili wa mizani ni mzigo, tuupigie hesabu bila kujidanganya. Tuseme madira. Unanunua 12,000 kwa jumla, nauli ya boti na upakizi 1,000, imefika Chake kwa 13,000. Laki tano inakupa 38. Unauza 17,000. Zote zikitoka unapata faida 152,000. Ila zote hazitoki, tano zitabaki za rangi ambayo hakuna anayeitaka, utaziachia kwa bei uliyonunulia, toa 20,000. Bando, picha, bodaboda, toa 30,000. Imebaki 102,000. Kama umezitoa kwa wiki sita, hakuna hisa ya halali inayoweza kukuahidi hivyo. Wallahi hakuna.

Basi mbona tunazungumza hisa? Kwa sababu hiyo laki tano ya pili haiendi kama ya kwanza. Chake ndio hii hii, wateja ndio hao hao. Ukileta madira 38 yanatoka, ukileta 76 hayatoki mara mbili kwa haraka, yatakaa kabatini mpaka fasheni ipite. Na msimu ukimalizika mikono ya watu inakuwa mikavu. Hapo ndipo pesa ya ziada inakaa kwenye simu, na pesa ikikaa kwenye simu inaliwa, leo harusi, kesho binamu kakwama Tanga.

Kwa hiyo jibu langu mimi: pesa ya mzigo usiiguse kabisa. Pesa ya upatu wa watu, ya mkopo, ya ada ya skuli, pia hapana. Ile inayobaki baada ya mzigo kujaa, ambayo huihitaji mpaka msimu mwengine wa karafuu upite na wa pili yake, hiyo ndio ya kununulia hisa, tena kidogo kidogo. Soko letu la Dar halina wanunuzi wengi kila siku. Unaweza kutaka kuuza Jumatatu ukakaa wiki hujampata wa kununua, na mtoto mgonjwa hasubiri wiki. Dalali naye ana ada yake ukinunua na ukiuza, kwa hiyo kununua leo kuuza keshokutwa unamlisha yeye.

Shangazi yangu hakubali hata hili. Anasema nunua ng'ombe, ng'ombe huzaa, karatasi haizai. Nikamwambia gawio ndio ndama wake. Akanijibu ndama anamuona kwa macho. Sikuwa na jibu zuri, na kusema kweli kwa mtu mwenye shamba na wa kumchungia, hoja yake ina nguvu.

Ukiamua kununua, huna haja ya kupanda boti. Soko la Dar lina huduma ya Hisa Kiganjani, unajisajili na kununua kwa simu yako. Au upitie kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kabla hujalipa hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya mamlaka, usitegemee picha ya leseni aliyokutumia yeye mwenyewe WhatsApp.

Na walioniuliza kama ni halali: mimi si sheikh. Ukienda kwa sheikh wako usimuulize "hisa zinafaa?" tu. Mpelekee jina la kampuni, inauza nini, ina mikopo ya riba kiasi gani, na pesa zake inaziweka wapi. Yote hayo yamo kwenye ripoti ya mwaka na inapatikana bure kwenye tovuti ya kampuni. Iko kwa Kiingereza, ndio, lakini mwalimu wa biashara skuli yoyote atakusaidia kurasa mbili tatu ukimpelekea halua.