Thalidomidi na Dhima ya Mtengenezaji

Dhima ya mtengenezaji ni wajibu wa kisheria wa kumlipa fidia mtu aliyedhuriwa na bidhaa. Kwa muda mrefu mahakama za Uingereza ziliubana wajibu huo ndani ya mkataba, hivyo asiyenunua bidhaa mwenyewe kwa kawaida hakuwa na wa kumshitaki. Mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson iliyotoka Paisley, Uskoti, hali ikabadilika. Mwanamke mmoja alidai kuugua baada ya kunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake, chupa ikiwa na mabaki ya konokono. Majaji 3 kati ya 5 waliamua kwamba mtengenezaji anawajibika kuwa mwangalifu kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hakumuuzia yeye. Kanuni hiyo ilipokewa pia katika sheria za Kenya, Uganda na Tanzania.

Lakini aliyedhuriwa bado alitakiwa kuthibitisha uzembe, na mbele ya kiwanda cha dawa mzigo huo ni mzito mno.

Kampuni ya Grünenthal ilianza kuuza dawa ya thalidomidi Ujerumani Magharibi Oktoba 1957 kwa jina la Contergan. Ilipatikana bila cheti cha daktari, ikatangazwa kuwa salama, na wajawazito wakaitumia kupata usingizi na kutuliza kichefuchefu. Madaktari waliripoti wagonjwa waliopata ganzi na kuharibika neva, lakini mauzo yaliendelea. Dawa iliondolewa sokoni Novemba 1961, baada ya daktari wa watoto Widukind Lenz wa Hamburg kuihusisha na watoto waliozaliwa na mikono au miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 10,000 duniani walizaliwa na madhara hayo, na wengi wao hawakuishi.

Nchini Marekani, Frances Kelsey wa mamlaka ya dawa alikuwa amekataa kuiidhinisha tangu 1960, akidai ushahidi zaidi wa usalama wake. Maswali yake yanaidhoofisha sana hoja ya kutokujua: mtengenezaji alikuwa na kila nafasi ya kujiuliza mambo hayohayo kabla ya kuuza kidonge cha kwanza.

Kesi ya jinai iliyofunguliwa Alsdorf, Ujerumani Magharibi, mwaka 1968 ilisitishwa Desemba 1970 bila hukumu, kampuni ikiwa imekubali kutoa marki milioni 100 kwa waathirika. Msamaha ulichelewa zaidi. Mkuu wa Grünenthal aliuomba hadharani mwaka 2012, na waathirika wengi waliona hautoshi. Walikuwa na haki ya kuona hivyo, kwa sababu malipo hufunga madai mahakamani, ilhali deni la kukiri na kueleza ukweli hubaki palepale.

Sheria ilijirekebisha. Ujerumani mwaka 1976, kwa upande wa dawa, na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985, kwa bidhaa kwa jumla, ziliweka dhima isiyotegemea uzembe: huthibitishwa kasoro, madhara na uhusiano kati yake. Hata hivyo, kanuni ya 1985 iliruhusu utetezi kwamba sayansi ya wakati huo isingeweza kuigundua kasoro, na ikafuta haki ya kudai miaka 10 baada ya bidhaa kuingia sokoni. Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inajumuisha programu za kompyuta, na inarefusha muda huo hadi miaka 25 kwa madhara ya mwili yanayochelewa kujitokeza.