Mwinuko, Mkweo na Mwinamo: Istilahi za Njia za Mbio Mabondeni na Vilimani

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno yatumikayo kuzieleza njia za mbio ndefu zipitazo katika mabonde ya mito na katika nchi ya vilima. Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la wanamichezo liletwe mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Jibu letu ni kwamba wao ndio waandikao. Mwalimu huandika tangazo la mbio za nyika za shule yake. Ofisa wa michezo huandaa maelezo ya njia. Mfasiri huzitia kanuni za riadha katika Kiswahili. Mkimbiaji yeye husoma tu, kisha akaingia njiani akiyategemea maneno aliyoyasoma. Neno likiwa na maana tatu, miguu na mapafu yake ndiyo yatakayotaabika.

Neno lililotusukuma kuandika ni mwinuko. Tuchukue sentensi hii: "Njia hii ina mwinuko wa mita 400." Msomaji wa kwanza ataelewa kwamba mahali penyewe pako mita 400 juu ya usawa wa bahari. Wa pili ataelewa kwamba mwisho wa njia uko juu ya mwanzo wake kwa mita 400. Wa tatu ataelewa kwamba ukijumlisha vilima vyote vya njiani, mkimbiaji atapanda mita 400. Kwa matumizi ya sasa hakuna aliyekosea hata mmoja. Zaidi ya hayo, tunaposema "mwinuko mkali" tunakusudia jambo la nne, nalo ni ukali wa kilima.

Mfano wa Bonde la Kerio

Ili maneno yasielee hewani, tuyapime katika mahali panapojulikana. Mji wa Iten, katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet nchini Kenya, uko ukingoni mwa Bonde la Kerio, ambalo ni sehemu ya Bonde la Ufa. Mji huo uko kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na umejipatia sifa duniani kwa wakimbiaji waliolelewa na waliofanya mazoezi huko. Mtu akisimama ukingoni ataliona bonde lote chini yake, na ng'ambo ataviona Vilima vya Tugen. Mto Kerio hupita bondeni ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana.

Barabara itokayo Iten kwenda Kabarnet hupita Tambach, huteremka hadi bondeni, huuvuka mto, kisha huvipanda Vilima vya Tugen. Nyuma ya mji, upande wa magharibi, nchi haina ukingo wa namna hiyo, bali ni mashamba na barabara za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka kidogo kidogo. Kwa hiyo mahali hapo pamoja pana njia za namna mbili: ya kwanza hukwea ubavu wa bonde kwa mfululizo, na ya pili huvuka kilima baada ya kilima. Neno moja la mwinuko haliwezi kuzieleza zote mbili kwa haki.

Mwinuko

Matumizi yaliyokwisha kuenea ni "mwinuko wa mita kadhaa kutoka usawa wa bahari". Hatuoni sababu ya kuyapinga. Tunalopendekeza ni kwamba katika maandishi ya kitaalamu neno mwinuko libaki na maana hiyo peke yake, na kwamba pale linapotajwa mara ya kwanza maneno "kutoka usawa wa bahari" yasiachwe.

Jambo hili si la kupamba lugha. Katika mwinuko wa mita 2,400 kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani, na hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Mwili ukikaa huko kwa majuma kadhaa huongeza chembechembe nyekundu za damu, lakini mgeni aliyewasili jana hajapata faida hiyo. Mwanafunzi wa Mombasa au Tanga apelekwaye kushindana huko anastahili kuujua mwinuko wa mahali kabla ya kuujua urefu wa njia.

Mkweo na mteremko

Jumla ya mita zote ambazo mkimbiaji hupanda njiani yahitaji jina lake. Tulifikiri kwanza juu ya mpando, kutokana na kupanda. Lakini kitenzi hicho kina maana ya kutia mbegu ardhini pia, na katika nchi ya wakulima "mpando wa mita 400" waweza kumpeleka msomaji shambani. Kitenzi kukwea hakina mgongano huo. Watu wa pwani wamemwita mkwezi yule apandaye minazi tangu zamani, na neno mkweo hutokana na kitenzi hicho kwa njia ya kawaida ya lugha yetu. Tunapendekeza basi mkweo kwa jumla ya kupanda, na mteremko kwa jumla ya kushuka.

Tofauti kati ya mkweo na mwinuko huonekana wazi katika hesabu ndogo. Tuseme njia ina vilima kumi, kila kimoja cha mita 40, nayo huanza na kuishia mahali pamoja. Mwinuko wa mwanzo na wa mwisho ni ule ule, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri. Hata hivyo mkweo ni mita 400, na mteremko ni mita 400 vilevile. Mwandishi atakayesema kwamba njia hiyo "haina mwinuko" kwa kuwa mwanzo na mwisho wake ni sawa atakuwa amemdanganya mkimbiaji bila ya kukusudia.

Wala mteremko usidharauliwe kwa kudhaniwa kuwa ni mapumziko. Katika kushuka misuli ya mapaja hukaza huku ikivutwa, nayo huumia kwa namna ambayo maumivu yake huonekana baada ya siku moja au mbili. Afundishaye vijana atake kuijua tarakimu hii kama atakavyo kuijua ile ya mkweo.

Mwinamo

Ukali wa kilima ni uwiano kati ya mita za kupanda au kushuka na mita za kwenda mbele. Tunapendekeza neno mwinamo, nalo lipimwe kwa asilimia. Njia ipandayo mita 50 katika kila mita 1,000 ina mwinamo wa asilimia 5. Neno hili lina faida ya kutumika kwa kupanda na kwa kushuka pia, kwani kilichoinama kimeinama pande zote mbili.

Kuna njia mashuhuri ya mazoezi itokayo Kimwarer, katika Bonde la Kerio, hadi Nyaru kule juu. Wakimbiaji huiita Fluorspar kwa sababu ya machimbo ya madini ya jina hilo yaliyokuwa huko. Urefu wake ni takriban kilomita 21, na mkweo wake wapita mita 1,000. Mtu akigawanya ataona kwamba mwinamo wake wa wastani ni kama asilimia 5 au zaidi, kwa njia nzima, karibu bila ya kupumzika. Tarakimu hizo tatu zikitajwa pamoja, msomaji aliye mbali ataielewa njia hiyo hata kama hajaiona.

Kanuni na uzito wa neno

Wafasiri wataona uzito wa tofauti hizi katika kanuni za rekodi za dunia. Mwaka 2011 Mkenya Geoffrey Mutai alishinda mbio za marathoni za Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, muda uliopungua kwa sekunde 57 chini ya rekodi ya dunia ya wakati huo. Muda wake haukukubaliwa kuwa rekodi ya dunia. Kanuni hutaka mwisho wa njia usiwe chini ya mwanzo wake kwa zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, yaani kiasi cha mita 42 kwa marathoni. Tena umbali wa mstari ulionyooka kati ya mwanzo na mwisho usizidi nusu ya urefu wa mbio. Njia ya Boston hushuka takriban mita 140 kutoka mwanzo hadi mwisho, na hwenda upande mmoja tu.

Mfasiri akiandika kwamba kanuni "hukataza mteremko wa zaidi ya mita 42" atakuwa ameipotosha. Njia ya mzunguko katika nchi ya vilima yaweza kuwa na mteremko wa mita mia kadhaa na bado ikakubalika, kwa kuwa mkweo wake ni sawasawa na mteremko huo. Kinachopimwa ni tofauti ya mwinuko kati ya mwanzo na mwisho.

Vilimavilima, bonde na korongo

Kwa ile nchi ya vilima vidogo vifuatanavyo, mfasiri wa neno kwa neno kutoka Kiingereza angelazimika kuandika "vilima vinavyobingirika", na msomaji angekimbia kwa kuogopa kupondwa. Kiswahili hakina haja ya mkopo huo. Sisi husema vipande vipande, makundi makundi, majimaji. Kurudia neno huonyesha wingi uliotawanyika au kufuatana. Nchi ya vilimavilima yatosha, nayo hueleweka bila ya ufafanuzi.

Bonde nalo limebeba mzigo. Hutumika kwa nchi iliyo chini baina ya milima, na hutumika pia kwa eneo lote ambalo maji yake huingia katika mto mmoja, kama ilivyo katika majina ya bodi za maji za mabonde nchini Tanzania. Katika maelezo ya njia za mbio tunashauri libaki na maana ya kwanza, na sehemu zake zitajwe: sakafu ya bonde, ubavu wa bonde na ukingo wa bonde. Pale mto ulipokata mwamba na kupita katika nafasi nyembamba, kama Mto Kerio unavyofanya huko Cheploch, neno ni korongo. Twajua kwamba Olduvai huitwa na wengine Bonde na wengine Korongo. Majina ya mahali yaachwe kama yalivyozoeleka, lakini istilahi isiyumbe.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mwinuko uwe wa mahali, mkweo na mteremko viwe vya safari, na mwinamo uwe wa kilima. Sifa ya "mandhari ya kupendeza" haina ubaya, ila isichukue nafasi ya vipimo. Twatoa hapa mfano wa tangazo la shule:

"Njia ya mzunguko, kilomita 8. Mwinuko wa mahali pa kuanzia: mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Mkweo: mita 160. Mwinamo mkubwa kabisa: asilimia 9, katika kilomita ya sita. Udongo mwekundu, huteleza wakati wa mvua. Kutoka ukingoni bonde lote huonekana."

Tangazo hilo halizidi mistari michache, na mtoto wa shule aweza kulisoma akajua ni nini kinachomngoja. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu walioko nchi za milimani, watuletee maneno watumiayo watu wao kwa mambo haya. Likipatikana lililo bora kuliko mkweo, sisi tutakuwa wa kwanza kuliandika.