Lubumbashi: Mashujaa wa 1967 wasisahauliwe

Vijana wa Kamalondo wanaovaa nyeusi na nyeupe ya TP Mazembe husimulia zaidi ya 2010, timu yao ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Habari za enzi za babu zao huwafikia nusunusu.

Timu ilianzishwa na wamisionari Wabenedikto mwaka 1939, mji ukiitwa bado Elisabethville. Baadaye ilibeba jina la Englebert, kampuni ya matairi. Kwa jina hilo ilitwaa kombe la vilabu bingwa Afrika mwaka 1967: ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, na Waghana hawakutokea kwenye mechi ya tatu. Mwaka 1968 ikalibeba tena mbele ya Étoile Filante ya Togo. Hakuna klabu iliyokuwa imewahi kulitetea kombe hilo. Mwaka huohuo mchezaji wake, Pierre Kalala, aliifunga Ghana bao moja huko Addis Ababa, na Kongo ikawa bingwa wa Afrika.

Uwanja mkubwa wa mji una jina la mwanasiasa, Kibassa Maliba. Wachezaji wale wanaishi zaidi vinywani mwa wazee na katika picha za majumbani. Wazee hao wanapungua, na kuwarekodi kunahitaji simu tu na mtu wa kuwasikiliza.