Kuhamisha Si Kunakili: Jinsi ya Kutunza Kazi Zetu Katika Kompyuta ya Nyumbani



Mwalimu wa lugha huijaza kompyuta yake mapema kuliko anavyodhani. Huanza na maandalio ya masomo na mitihani, ambayo ni mepesi. Baadaye huja sauti za wanafunzi wakisoma kwa matamshi, mahojiano na wazee, picha za kurasa za vitabu adimu na video za maigizo ya darasa. Kisha siku moja kompyuta hutoa onyo kwamba diski imejaa. Hapo ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa sababu mtu hufuta kwa pupa, au huhamisha kila kitu katika flashi moja akidhani ameokoka.

Katika makala haya tutaeleza mambo mawili yanayokwenda pamoja: namna ya kupata nafasi, na namna ya kuweka nakala rudufu, yaani nakala ya ziada inayowekwa kwa ajili ya siku ambayo ya kwanza itapotea.

Tumchukue, kwa mfano, mwalimu wa Kiswahili anayeishi Cyanzarwe. Huu ni mmojawapo wa mirenge 12 ya Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, kaskazini mwa mji wa Gisenyi na karibu na mpaka wa Kongo. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, kwa hiyo darasani anafundisha Kiswahili sanifu. Sokoni anasikia Kiswahili cha Goma, kinachovuka mpaka pamoja na wafanyabiashara. Akiwarekodi wazee wanaokizungumza, anapata hazina ambayo huenda haitapatikana tena. Mtihani uliopotea unaweza kutungwa upya, lakini sauti ya mzee aliyefariki hairekodiwi mara ya pili.

Ni nini kinachokula nafasi?

Maandishi si adui. Kitabu cha kurasa 200 cha maandishi matupu hakifiki hata megabaiti 1. Sauti ni nzito zaidi. Saa moja ya mazungumzo iliyorekodiwa kwa WAV ya kawaida, yenye mkondo mmoja wa sauti, huchukua megabaiti 300 hivi. Saa hiyo hiyo ikiwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua megabaiti 30 hivi. Video ndiyo inayomeza diski: simu nyingi hutumia megabaiti 100 au zaidi kwa kila dakika ya picha safi, yaani gigabaiti 6 au zaidi kwa saa.

Tuseme mwalimu wetu ana kompyuta ndogo yenye diski ya gigabaiti 64. Mfumo wa kompyuta wenyewe na programu zake huweza kuchukua karibu nusu. Nafasi inayobaki inajazwa na saa 5 tu za video. Kwa hiyo kufuta barua 500 za zamani hakutamsaidia kitu.

Hatua za kupata nafasi

1. Panga faili kwa ukubwa, si kwa jina. Mara nyingi faili chache sana ndizo zilizochukua sehemu kubwa ya diski. Anza na hizo.

2. Tazama kabrasha la vitu vilivyopakuliwa. Humo mna nakala 3 au 4 za muhtasari ule ule, kwa kuwa kila ulipouhitaji uliupakua tena. Picha na video zilizoingia kupitia WhatsApp nazo hujirudia.

3. Mwaga pipa la taka. Faili iliyomo pipani bado inakalia diski. Lakini kagua kwanza, maana baada ya kumwaga hakuna njia rahisi ya kuirudisha.

4. Ondoa programu usizotumia, na tumia kifaa cha usafi kilichomo katika mfumo wa kompyuta kufuta faili za muda.

5. Usipoteze muda kubana faili zilizokwisha kubanwa. Picha za JPEG, sauti za MP3 na video karibu hazipungui zikitiwa katika faili ya ZIP. WAV ndiyo inayopungua: ukiibadilisha kuwa FLAC inaweza kushuka hadi nusu hivi bila kupoteza chochote. MP3 hupunguza zaidi, lakini kwa kutupa sehemu ya sauti. Anayechunguza matamshi asiifute WAV yake akabaki na MP3 peke yake.

Ukimaliza, jitahidi ibaki sehemu ya kumi ya diski ikiwa tupu, kwa sababu diski iliyojaa kabisa huifanya kompyuta kuwa nzito.

Kosa ambalo wengi hulifanya

Baada ya hatua hizo, mwalimu wetu ananunua diski ya nje. Anahamishia humo mahojiano yote, anayafuta katika kompyuta, kisha anasema, "Sasa nina nakala rudufu." Hana. Kabla ya kununua diski alikuwa na nakala moja, na sasa ana nakala moja ile ile, ila imehamia katika kifaa kinachoweza kuanguka, kuibiwa au kuingia maji. Kuhamisha kunaleta nafasi, kunakili kunaleta usalama, na ni makosa kudhani kwamba tendo moja limefanya kazi zote mbili.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh. Kuwe na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe mahali pengine. Mtu husikia sehemu ya mwisho akadhani ni ya makampuni makubwa. Anayeishi chini ya Nyiragongo haihitaji maelezo marefu.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano hiyo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao kuelekea Gisenyi. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ililipuka tena, na lava ikafika pembezoni mwa Goma. Matetemeko yaliyofuata kwa siku kadhaa yalipasua nyumba upande wa Rubavu pia. Mwanzoni mwa Mei 2023 ilikuwa zamu ya maji: mto Sebeya ulifurika katika wilaya hiyo hiyo na kubomoa nyumba nyingi. Katika saa kama hizo mtu hubeba watoto na godoro. Diski mbili zilizokaa katika kabati moja hupotea pamoja, na hata diski iliyohifadhiwa kwa jirani haitoshi, kwa kuwa jirani naye anakimbia.

Mpango usio na gharama kubwa

Nakala ya kwanza iwe katika kompyuta, au katika diski ya nje ikiwa kompyuta haina nafasi. Nakala ya pili iwe katika diski nyingine, ambayo haichomekwi ila wakati wa kunakili, ili virusi au hitilafu ya umeme isiziharibu zote kwa mpigo. Nakala ya tatu iwe nje ya eneo: kwa mwenzako aliyeko Musanze, Huye au Kigali. Kila mwisho wa muhula mnabadilishana diski, yeye akitunza yako na wewe ukitunza yake. Kwa kuwa ndani yake mna alama za wanafunzi na sauti za watu waliotuamini, diski hizo zifungwe kwa nywila.

Mwenye intaneti anaweza pia kutumia hifadhi ya mtandaoni. Google, kwa mfano, hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zikiwa ni pamoja na barua pepe na picha. Nafasi hiyo ni finyu kwa video, lakini inatosha kwa maandishi yote ya maisha ya mwalimu na saa nyingi za MP3. Angalizo: kabrasha linalojilinganisha lenyewe na mtandao si nakala rudufu kamili. Ukifuta faili nyumbani, kule nako hufutika baada ya muda.

Jambo jingine: flashi nyingi bado zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja inayofika gigabaiti 4. Video ndefu ikikataliwa, usidhani flashi imekufa. Nakili kwanza vilivyomo, kisha iandae upya kwa mfumo wa exFAT.

Maneno ya kutofautisha

Wanafunzi huchanganya "kumbukumbu" na "hifadhi". Kumbukumbu ni mahali ambapo kompyuta hushikilia kazi inayoendelea, na hufutika umeme ukikatika. Hifadhi ni diski, ambamo faili hubaki. Mtu anayesema "kumbukumbu imejaa" huku diski ndiyo iliyojaa ataishia kununua kifaa kisichomsaidia. Vivyo hivyo, "nakili" huacha ya kwanza mahali pake, lakini "hamisha" huiondoa. Maneno haya yanafaa kufundishwa darasani kwa vitendo, kompyuta ikiwa mbele ya wanafunzi.

Zoezi la jioni moja

Chukua karatasi uandike faili zako katika safu mbili: zinazoweza kupatikana tena, na zisizoweza. Safu ya pili huwa fupi. Anza kunakili hiyo leo. Kisha fungua faili 3 kutoka katika nakala, katika kompyuta nyingine, usikilize mpaka mwisho. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.