Ulidhani unachunga gari, kumbe unaliua polepole

Wewe uliyeachiwa funguo na ndugu aliyeenda kutafuta riziki ng'ambo, ama umeamua kagari kako kalale kwa ploti mpaka mafuta yashuke bei, hebu kaa hapa kidogo. Nina hadithi, na si ya kujisifu.

Mwaka jana kaka yangu alipata kandarasi ya miezi mitatu Qatar. Mwisho wa Februari akaniachia Vitz yake. "Chunga hiyo gari, ndiyo nitarudi nayo kazini." Yeye hubeba abiria wa apu. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, pesa za petroli sina, kwa hivyo nikaichunga nilivyojua: nikaiosha, nikavuta handibreki mpaka mwisho, nikaifunika na karatasi ya nailoni. Kila asubuhi naiwasha dakika tano, naskia inanguruma, nazima, naenda zangu nikijiona mtu wa maana.

Mvua za Machi zikaja. Katikati ya Aprili ikakataa kuwaka. Nikanyamaza, nikitumai itajitengeneza.

Kaka kurudi, betri imekufa kabisa. Kuisukuma, magurudumu ya nyuma yamegoma kuzunguka. Kufungua boneti, panya wameweka kiota na kutafuna waya. Alikaa nyumbani wiki mbili bila kuingiza hata shilingi. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Fundi ndiye aliyenifungua macho. Dakika tano hazitoshi injini kupata moto. Mvuke wa maji unabaki ndani ya eksozi na kwenye oili, halafu kuwasha kwenyewe kunakula chaji nyingi kuliko ile inayorudi. Yaani kila asubuhi nilikuwa naiba betri kidogo kidogo! Afadhali gari litoke barabarani nusu saa hivi kila wiki mbili. Kama hakuna wa kuliendesha, fungua waya wa hasi wa betri, uliache lilale kabisa.

Handibreki nayo, ukiivuta miezi wakati wa unyevu, inashika kutu na kung'ang'ania. Egesha mahali tambarare, weka gia ya P (ama gia ya kwanza kama ni manyuo), tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha achilia handibreki. Matairi yajazwe upepo vizuri, la sivyo yanabonyea upande mmoja. Nailoni tupa. Inafungia unyevu ndani. Tafuta kava ya kitambaa kinachopumua. Na zile chipsi ulizokulia kiti cha nyuma ndizo huita panya, kwa hivyo safisha ndani, na ufungue boneti kila wiki uchungulie.

Usidanganyike pia ukakata bima ya wizi na moto eti gari halitembei. Lililoegeshwa huibwa vilevile. Ile ya thadi pati nayo sheria itaidai siku unarudi barabarani.

Nilipomsimulia binamu yangu aliye Minnesota, alicheka hadi simu ikaanguka. Kule kuna watu hulaza gari kuanzia Novemba mpaka majira ya kuchipua, maana barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula bodi. Betri ikiisha chaji kwenye baridi hiyo, maji ya ndani huganda na inaweza kupasuka, ndiyo maana wengi huiunganisha na kichaji kidogo cha kuilisha polepole gerejini. Wao wana theluji, sisi tuna masika na panya, lakini kosa langu alilijua hata kabla sijamaliza: "Ulikuwa unaiwasha washa, sindiyo?"

Mwezi ujao kaka anasafiri tena. Funguo ameniachia, pamoja na karatasi aliyoandika kwa mkono na kuigundisha kwenye usukani. Mstari wa kwanza unasema: USIGUSE SWICHI.