Rwanda na Walimu wa Kiingereza: Ustadi Hauji kwa Amri

Mwezi Oktoba 2008 Serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Utekelezaji ulianza na mwaka wa masomo wa 2009. Walimu wengi, ambao walisoma kwa Kifaransa, wakafuzu kwa Kifaransa na kufundisha kwa Kifaransa miaka yao yote, walibakiwa na miezi michache tu kabla ya kusimama mbele ya watoto na kufundisha hesabu na sayansi kwa lugha ambayo wao wenyewe ndiyo kwanza wanajifunza.

Uamuzi huo ulikuwa na historia yake. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 ilirithi Kifaransa kutoka kwa watawala wa Kibelgiji. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza maelfu kwa maelfu ya watu, walimu wakiwemo, na baada yake walirejea nchini wakimbizi wengi waliokulia Uganda na nchi nyingine zinazotumia Kiingereza. Mwaka 1996 Kiingereza kikafanywa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda na Kifaransa. Mwaka 2007 Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2009 ikapokewa katika Jumuiya ya Madola. Biashara, siasa na ujirani, vyote viliielekeza nchi hiyo upande huo.

Lakini lugha ya taifa zima ya kufundishia hubadilishwa kwa tamko la siku moja, ilhali mwalimu hutengenezwa kwa miaka. Hatua ya kwanza ilikuwa kuwaita walimu katika mafunzo ya muda mfupi wakati wa likizo. Mafunzo hayo yalikuwa ya lazima, na yaliwapa walimu msamiati na kanuni za sarufi. Hata hivyo, kujua lugha ni jambo moja, kuifundisha ni jambo la pili, na kufundishia somo jingine kwa lugha hiyo ni jambo la tatu. Kila moja lina ustadi wake.

Mifano midogo inatosha kuonyesha uzito wa kazi hiyo. Katika Kinyarwanda, tofauti ya sauti za "l" na "r" haibebi maana, lakini katika Kiingereza ni tofauti hiyo peke yake inayotenganisha mchele na chawa. Aidha, neno la Kiingereza la maktaba linafanana sana na neno la Kifaransa la duka la vitabu. Mwalimu aliyezoea Kifaransa huweza kulitumia vibaya bila kushtuka, na darasa zima likaondoka na kosa lake. Mwalimu stadi hujua mapema mahali wanafunzi wake watakapojikwaa, naye hutayarisha zoezi la mahali hapo. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani katika semina ya wiki chache. Hupatikana darasani, kwa kufundisha, kuangaliwa, kusahihishwa na kufundisha tena.

Rwanda yenyewe ililitambua jambo hilo. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa kuwa lugha ya kufundishia katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi. Pia ulianzishwa utaratibu wa walimu washauri waliopelekwa shuleni, na baadaye kazi hiyo ikakabidhiwa walimu wa shule zenyewe, ambao hupunguziwa vipindi ili wapate nafasi ya kuwasaidia wenzao.

Utaratibu huo ni rahisi kuueleza, ingawa si rahisi kuudumisha. Mshauri huketi nyuma ya darasa na kuandika anayoyaona: kama mwalimu anazungumza peke yake kipindi kizima, kama maelekezo yake yanaeleweka, na kama wanafunzi wanapewa nafasi ya kusema. Baada ya kipindi wawili hao hukaa faraghani na kuchagua jambo moja tu la kurekebisha wiki inayofuata. Mahali ambapo walimu hukutana mara kwa mara kuandaa masomo kwa pamoja, aliye hodari huwanyanyua wenzake. Lakini mshauri akigeuka mkaguzi wa kuandika taarifa za kumchongea mwalimu, walimu humficha makosa yao, na faida yote hupotea. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, lakini sharti kamba ipite mahali pale pale.

Kupata ustadi ni nusu ya safari, kuutunza ni nusu ya pili. Mwalimu wa kijijini nchini Rwanda huzungumza Kinyarwanda nyumbani, sokoni na kanisani. Kiingereza chake hukitumia darasani tu, mbele ya watoto wasioweza kumsahihisha. Pasipo vitabu, redio na wenzake wa kuzungumza nao, lugha hiyo hudumaa na makosa hukomaa. Tena mwalimu aliyekwisha iva huweza kuiacha kazi akipata mshahara mnono kwingineko. Ndiyo maana hatua ya Agosti 2022, ya kuwaongezea walimu wa shule za msingi mishahara kwa asilimia 88, ilihusu ubora wa masomo kama ilivyohusu maisha ya walimu. Mwaka huo huo Rwanda ilipokea walimu zaidi ya 150 kutoka Zimbabwe. Wageni husaidia kuziba pengo, lakini ustadi wa kudumu sharti ukae mikononi mwa wenyeji.

Askari wa jeshi na polisi hawatashangazwa na mafunzo hayo. Hakuna kamanda anayemhesabu askari kuwa mlengaji hodari maisha yake yote kwa sababu alifuzu ukuruta. Askari hurudishwa kwenye uwanja wa shabaha, chini ya jicho la mkufunzi anayejua kosa lake liko wapi. Askari wa Rwanda na wa Tanzania wametumika Darfur chini ya Umoja wa Mataifa, ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya kazi. Huko, taarifa ya redio iliyoeleweka vibaya ingeweza kugharimu maisha ya watu, na Kiingereza cha mtoa taarifa kilianza kwa mwalimu fulani wa shule.

Tanzania nayo haina sababu ya kumcheka jirani. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1984 katika shule zake ulionyesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao.

Mwishoni mwa mwaka 2019 Rwanda ilitangaza kwamba Kiingereza kitumike tena tangu darasa la kwanza. Kwa hiyo mzigo mzito umewekwa juu ya mwalimu wa watoto wadogo kabisa. Akiachwa peke yake, mtoto hukariri maneno asiyoyaelewa na kuikosa elimu katika lugha zote mbili. Uamuzi huo utapimwa kwa msaada anaoupata mwalimu huyo shuleni kwake, wiki hadi wiki, hata baada ya semina kufungwa na wageni kwenda zao.